Giaboksi Haijafa

Joab hakufungua hata boneti. Alilizunguka gari mara moja, akaligonga gurudumu la nyuma kwa ncha ya kiatu kama mtu anayeamsha ng'ombe, kisha akajipangusa mikono kwa kitambaa, ingawa mikono yenyewe haikuwa imeshika kitu.

"Giaboksi imekufa, Mwalimu," alisema.

Rodah Chepngeno alikuwa bado kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, magongo yake mawili ameyalaza mapajani. Mjini Bomet wengi walimwita Mwalimu, kwa sababu kwa miaka tisa alifundisha wasichana ushonaji kabla hajanunua mashine zake mwenyewe na kuanza kufuma sweta za shule.

"Imekufa vipi, na ndiyo imenileta hapa sasa hivi?"

"Imekuleta kwa huruma tu. Si unasikia vile inaruka ikibadilisha? Na huo moshi mweupe? Hizi otomatiki zikifika hapo hakuna daktari. Mimi nakwambia ukweli kwa sababu nakuheshimu." Joab alikuwa na gereji kubwa kuliko zote za mji huo, yenye paa na shimo la saruji la kuingilia chini ya magari, na alizoea kuaminiwa. "Lakini si mwisho wa dunia. Nina giaboksi ya kawaida hapo nyuma. Tunatoa hii, tunaweka hiyo. Wiki moja umemaliza."

"Ya kawaida, yaani ya klachi."

"Ya klachi, ndiyo."

Neno lilipomtoka, macho yake yalishuka yenyewe hadi mguu wa kushoto wa Chepngeno, ule uliofungwa vyuma viwili tangu pajani hadi kwenye soli ya kiatu. Akayaondoa upesi, akatazama barabarani.

Klachi hukanyagwa kwa mguu wa kushoto. Wa Chepngeno haujawahi kukanyaga kitu tangu polio ilipoupitia akiwa na miaka minne.

"Ama uniuzie mimi vile lilivyo," Joab akaendelea, sauti ameilegeza. "Halafu utafute mtu wa pikapu awe anakubebea sweta zako. Utakaa tu nyumbani, wewe ni kufuma na kupumzika."

"Nani alikwambia nimechoka?" Chepngeno aliuliza. Akavuta mguu wake ndani kwa mikono miwili, akafunga mlango, akawasha gari. Lilitoka kwenye geti likitapika moshi hadi muuza ndizi wa upande wa pili akafunika bidhaa zake kwa kanga.

Gari hilo lilikuwa dogo, la rangi ya maziwa, lenye miaka ishirini, alilouziwa na mhandisi mmoja wa mashamba ya chai aliyekuwa anarudi kwao ng'ambo. Wakati ule watu walilicheka. Gari lisilo na klachi, walisema, ni gari la wavivu. Chepngeno aliwaacha wacheke. Alikuwa amepambana na makubwa zaidi: mara tatu alikwenda kufanya mtihani wa udereva, na mara tatu mkaguzi alimuuliza amemleta nani, akamwambia huyo aliyemleta ndiye aje kufanya mtihani. Mara ya nne hakusubiri kuulizwa. Alijiingiza garini, akafunga mkanda, akamwambia mkaguzi, "Ingia, au uandike kwenye karatasi kwamba umeogopa." Alirudi nyumbani na leseni. Huo ulikuwa mwaka wa themanini na nane, na kwa miaka saba iliyofuata hapakuwa na shule kati ya Mulot na Chepseon ambayo haikumjua mama wa sweta na gari lake.

Sasa ilikuwa Novemba, mwaka wa tisini na tano. Shule moja ya Chepseon ilikuwa imeahidi kumpa kazi ya sweta mia moja na themanini, mradi afike kuwapima watoto kabla shule hazijafungwa Ijumaa. Asipofika, mwalimu mkuu alikuwa amemwambia wazi, kazi ingekwenda kwa mfanyabiashara wa Nakuru. Na hii ilikuwa Jumatatu.

Jioni ile kaka yake Mathew alikuja. Alikuwa mkulima wa chai, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache yaliyopangwa. Alikaa, akanywa chai kikombe kizima, ndipo akasema.

"Nimeonana na Joab."

"Nilijua utaonana naye."

"Amenieleza. Dada, gari hilo limefanya kazi yake. Joab atakuja Alhamisi alichukue, bei aliyotaja si mbaya. Mimi nitakutafutia dereva mwenye pikapu, kijana wa kanisani, asiyelewa. Utakuwa unakaa kando yake kama mheshimiwa."

"Na nikitaka kwenda mahali saa kumi na mbili asubuhi?"

"Utamwambia."

"Na nikitaka kwenda mahali ambapo sitaki yeye ajue?"

Mathew aliweka kikombe chini. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu kupingwa. Yeye ndiye aliyembeba Chepngeno mgongoni kwenda shule miaka sita, mvua na jua, wakati baba yao alisema mtoto wa aina ile abaki tu jikoni.

"Rodah, mimi ndiye niliyekubeba," alisema polepole. "Sikubebi kwa kukudharau."

"Najua. Ulinibeba, na siku moja nikashuka. Sikushuka ili nije nipandishwe tena nikiwa na miaka arobaini na sita." Akamwongezea chai. "Njooni hiyo Alhamisi, wewe na Joab. Ikiwa giaboksi imekufa, nitawapa ufunguo kwa mkono wangu. Lakini kwanza nataka kuona maiti."

Asubuhi ya Jumanne alikwenda kwa Nyamwange.

Nyamwange alikuwa Mkisii wa makamo, mnene, mwenye kidevu chenye kovu, aliyefanya kazi miaka kumi na miwili kwenye karakana ya shamba la chai kabla hajapunguzwa kazini. Sasa alitengeneza matrekta na mashine za kusagia mahindi katika uwanja wa wazi kando ya posho mili, kinu cha kusagia unga, kwenye barabara iendayo Mulot. Hakuwa na paa wala shimo. Alikuwa na jeki mbili, sanduku la spana, na sifa moja: kitu asichokijua alisema hakijui.

"Mama, nisikudanganye," alisema baada ya kumsikiliza. "Giaboksi ya otomatiki sijawahi kufungua hata siku moja."

"Sijakuomba ufungue. Nimekuomba uangalie. Aliyesema imekufa hakufungua hata boneti."

Nyamwange alicheka, akafungua boneti.

Chepngeno ndiye aliyemwonyesha mahali pa kuanzia, kwa kuwa yule mhandisi alikuwa amemfundisha mambo machache na hakuwa ameyasahau. Mafuta ya giaboksi hupimwa injini ikiwaka na ikiwa moto, gia ikiwa kwenye P, ile ya kuegesha. Nyamwange akachomoa kijiti cha kupimia. Mafuta yaligusa ncha tu.

"Yamepungua sana."

"Yananipotea. Kila wiki naongeza, na Ijumaa nimeongeza tena. Lakini sioni tone. Nimetandaza magunia chini ya gari tangu Jumamosi hadi Jumapili jioni, yamebaki makavu kabisa."

Nyamwange alipaka mafuta kwenye kitambaa cheupe, akayanusa, akampa naye anuse. Yalikuwa mekundu kama damu, bila harufu ya kuungua.

"Sikia," alisema, na uso wake ukakunjuka. "Klachi za ndani ya mtambo wowote zikiungua, mafuta huwa meusi, yananuka kama sufuria iliyosahaulika motoni. Haya ni safi. Kitu kilichokufa hakiwi na damu safi hivi."

"Basi haijafa."

"Ni mgonjwa. Sasa tujue anaumwa wapi."

Wakaanza kufuata. Chepngeno alikaa kwenye mtungi wa mafuta uliogeuzwa kifudifudi, mguu wa chuma ameunyoosha mbele, naye Nyamwange akawa anauliza kama anayefanya hesabu kwa sauti. Maji ya rejeta? Yamejaa, safi, hayajachanganyika na kitu. Mafuta ya injini? Yako palepale kwenye alama, wala hayajapungua, wala hayajazidi.

"Na moshi huwa mwingi lini?"

Chepngeno alifumba macho, akaipitisha akilini barabara ya Kapkatet, kona kwa kona. Alikuwa mfumaji; sweta ikitoka na kasoro hakulaumu mashine nzima, bali alirudi nyuma na uzi hadi pale uliporuka.

"Kwenye mteremko," alisema. "Nikipanda kilima moshi ni kidogo. Nikishuka, mguu nimeuondoa kwenye pedali ya mafuta, ndipo unatoka kama jiko la kuni mbichi."

"Una hakika?"

"Mimi ndiye ninayeliendesha."

Nyamwange alichukua spana. Kisha akaenda kwenye injini, akachomoa plagi moja baada ya nyingine, akazipanga juu ya gunia. Tatu zilikuwa kavu, za rangi ya biskuti. Ya nne, ile ya nyuma kabisa, ilikuwa imelowa. Akaipitishia kidole. Kidole kikatoka chekundu.

Posho mili iliendelea kupiga kelele.

"Injini yako inakunywa mafuta ya giaboksi," alisema Nyamwange hatimaye. "Lakini yanapita wapi? Injini iko huku, giaboksi iko kule."

"Tafuta njia. Kama yanafika, njia ipo."

Waliipata karibu saa sita. Jirani na ile plagi iliyolowa palikuwa na mpira mwembamba, si mnene kuliko kidole cha mtoto, uliochomekwa mahali injini inapovutia hewa. Nyamwange aliufuata kwa kidole nyuma ya injini, akakuta umeunganishwa na bomba la chuma linaloshuka. Akainua gari kwa jeki, akaingia chini. Chepngeno naye akatelemka kutoka kwenye mtungi, akalala chali kwenye vumbi na sketi yake ya kazi, akajisogeza kwa viwiko hadi vichwa vyao vikawa pamoja.

Bomba lile lilikwenda kuishia kwenye kikopo cha bati, kidogo kama kopo la rangi ya viatu, kilichopachikwa ubavuni mwa giaboksi. Nyamwange akauchomoa mpira. Mafuta mekundu yakadondoka kutoka kwenye mdomo wa kikopo, tone, tone, tone, juu ya kola ya shati lake.

"Hapa si mahali pa mafuta," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa ni pa upepo tu. Kwenye malori ya shamba breki zilikuwa na kitu kama hiki. Ndani kuna ngozi ya mpira. Injini inavuta upepo upande huu, upande ule kuna mafuta, ngozi iko katikati. Ngozi ikitoboka…"

"Injini inavuta mafuta badala ya upepo."

"Na kwenye mteremko, ukiondoa mguu, ndipo injini huvuta zaidi."

Chepngeno alikitazama kile kikopo. "Na ile kuruka? Ile kukawia kubadilisha gia?"

Nyamwange alikigonga kikopo kwa ukucha. "Nadhani kikopo ndicho huipa giaboksi habari, umekanyaga kiasi gani. Ngozi imetoboka, habari haifiki. Kwa hiyo giaboksi inadhani umekanyaga mpaka chini, kila wakati."

Chepngeno akaanza kucheka pale chini, vumbi limejaa nywele zote. Miezi miwili watu walikuwa wakimwambia gari limezeeka. Kumbe lilikuwa linapewa habari za uongo, nalo likizifuata kwa uaminifu wote.

Kucheka hakukuleta kikopo. Nyamwange alipanda basi hadi Kericho kwenye maduka ya vipuri, akarudi jioni mikono mitupu. Muuzaji mmoja alimwambia labda Nairobi, wiki tatu. Mwingine alimuuliza kama yuko timamu.

Usiku ule Chepngeno hakulala vizuri, na kulipopambazuka alikuwa amekumbuka. Nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane wa Mulot, jina lake Chepkemboi, ambaye wajukuu wake walivaa sweta za Chepngeno, palikuwa na gari bovu la bluu. Lilikuwa halina magurudumu, lakini taa zake za mbele zilikuwa zilezile za gari lake: lilikuwa la aina moja.

Nyamwange hakutaka gari lisogezwe likiwa na mafuta kidogo vile, kwa hiyo Jumatano walipanda lori lililokuwa linakwenda Mulot kuchukua ngano. Dereva alitaka kumwinua Chepngeno kumwingiza kwenye kebini. "Shika magongo tu," Chepngeno alimwambia, akajivuta mwenyewe kwa mikono.

Chepkemboi aliwakaribisha kwa mursik, maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu, na walipomweleza shida yao akashtuka.

"Mnataka kuchukua gari? Kuku wangu watalala wapi?"

Kweli, lile gari la bluu lilikuwa banda. Mitetea ilikuwa imeatamia kwenye kiti cha nyuma, na jogoo mmoja alikuwa juu ya usukani.

"Gari libaki, kogo," Chepngeno alimtuliza bibi yule. "Tunataka kikopo tu, kiko chini. Kuku hawatajua."

Nyamwange aliingia chini akiwa amefunga leso puani. Kikopo kilikuwa kimeshikwa na kutu, na kilipokubali kuzunguka kilitoka kwa ghafla. Kukatokea mlio mdogo wa kitu kilichoanguka, kisha sauti ya Nyamwange ikimlaani shetani kwa Kikisii.

"Nini?"

"Kuna kijiti cha chuma kati ya kikopo na giaboksi, kama sindano ya kushonea magunia lakini kifupi. Kimenidondokea kwenye mavi ya kuku."

"Si tunacho kwenye gari letu?"

"Hatujui kama urefu ni mmoja. Kila kikopo na kijiti chake. Kikizidi au kikipungua, itaruka vilevile."

Chepngeno aliomba ungo. Akaketi chini, mguu umenyooka, Nyamwange akimjazia samadi kwa jembe kutoka chini ya gari, naye akipepeta. Alipepeta kama alivyofundishwa na mama yake kupepeta wimbi, kwa mikono iliyozoea kazi ndogondogo, vumbi la mavi likimrudia usoni. Chepkemboi alisimama akimwangalia, mkono mdomoni. Ungo wa tano, wa sita, wa saba. Nyamwange alishaanza kusema waende na kikopo peke yake, na Chepngeno akamwambia, "Jaza." Kwenye ungo wa tisa kitu kiling'aa.

"Sasa tuone kikopo chenyewe kama ni kizima," alisema, akakifuta kwa sketi. Akachomeka kipande cha mpira, akanyonya hewa kwa nguvu, akaziba mdomo wa mpira kwa ulimi. Kama ngozi ya ndani ingekuwa imetoboka, ulimi ungeachiliwa papo hapo. Alionyesha kwa mkono: hesabuni.

Chepkemboi ndiye aliyehesabu, akigonga kidole kwa kidole. "Akenge, aeng, somok, ang'wan…" Alifika mia moja. Ulimi ulikuwa bado umekamatwa. Chepngeno alipouchomoa ulitoa mlio kama wa busu, na wote watatu wakacheka, kuku wakaruka.

Chepkemboi hakutaka pesa. Alisema mjukuu wake wa mwisho alikuwa anaanza darasa la kwanza Januari. Chepngeno akamwita mtoto, akampima kifua na mikono papo hapo.

Alhamisi saa tatu asubuhi kikopo kilikuwa mahali pake, kijiti chake ndani, mpira mpya umefungwa, plagi zimesafishwa, mafuta mekundu yamejazwa hadi kwenye alama. Mathew alifika uwanjani kwa Nyamwange akiwa amevaa koti la Jumapili. Joab alifika na pikapu yake, na nyuma ya pikapu kamba nene ya kuvutia magari. Watu waliokuja kusaga mahindi waliacha mistari yao wakasogea.

Chepngeno aliwasha.

Moshi mweupe ulitoka kwenye ekzosi, mnene kuliko siku zote, ukafunika uwanja hadi mlango wa posho mili haukuonekana. Mtu alikohoa. Joab alianza kucheka, tumbo likimtikisika, si kwa ubaya, kama mtu anayeona mtoto amejaribu.

"Umeona, Mwalimu? Nilikuambia."

"Dada," Mathew alisema, akiinama dirishani. "Dada, inatosha. Umejaribu, kila mtu ameona."

Chepngeno alimtazama Nyamwange. Nyamwange alikuwa ameshika spana kwa mikono miwili, jasho kwenye kovu la kidevu, na macho yake yalisema hajui. Kwa muda wa pumzi mbili Chepngeno alifikiri kwamba labda wote walikuwa sahihi, mkaguzi wa leseni, Joab, baba yake. Kisha akajilazimisha kurudi nyuma na uzi. Kikopo kizima, ulimi wake ulikuwa shahidi. Mpira mpya. Hakuna njia nyingine ya mafuta kuingia. Kwa hiyo moshi huu haukuwa wa leo.

"Ni mafuta ya zamani," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Miezi miwili injini imekuwa ikiyatema kwenye ekzosi. Yamejaa humo ndani, na hayana pa kutokea ila hapo. Lazima yaungue yaishe."

"Yataisha lini?" Joab aliuliza.

"Tukienda ndipo tutajua." Akanyoosha mkono, akafungua mlango wa abiria. "Mathew, ingia."

"Kwenda wapi?"

"Chepseon."

"Chepseon! Na moshi huu?"

"Ingia, au baki na Joab. Mimi naenda."

Mathew aliingia. Joab akapiga kelele kwamba atawafuata na kamba, kwa sababu hawatafika Kaplong, na watu wakacheka. Chepngeno aliweka gia kwenye D, ile ya kwenda mbele, akaachia breki. Gari likateleza kutoka uwanjani ndani ya wingu lake lenyewe.

Alichosikia kwanza hakikuwa moshi. Ilikuwa gia. Ya kwanza ikaenda ya pili bila kishindo, laini, kama mtu anayehamisha mtoto aliyelala kutoka bega hili hadi lile. Ya pili ikaenda ya tatu kabla hata hajaitarajia.

"Bado inatoka," Mathew alisema, amegeuka nyuma. "Inatoka sana. Simwoni hata Joab."

"Afadhali."

Walipanda, wakashuka. Watu wa kando ya barabara walifunika pua. Matatu moja iliwapita, kondakta akawapungia mkono akipaza sauti kwamba nyumba yao inaungua. Mathew alijikunyata kwenye koti lake. Karibu na Kaplong alisema kwamba moshi umekuwa mwembamba, kisha akageuka mbele, kana kwamba amemsaliti mtu. Baada ya Kaplong akasema anaiona pikapu ya Joab. Baadaye akasema haioni tena, labda imegeuka.

Kabla ya Kapkatet kuna mteremko mrefu. Chepngeno aliufikia kileleni, akapumua, akaondoa mguu kwenye mafuta kabisa. Hapa ndipo siku zote ilipokuwa mbaya zaidi. Gari lilishuka, injini ikiguna, chai ikishuka pamoja nao pande zote mbili. Alikataa kutazama kwenye kioo.

"Niambie."

Mathew alikuwa amepiga magoti kwenye kiti kama mtoto, kidevu juu ya egemeo.

"Hakuna kitu," alisema.

"Angalia vizuri."

"Rodah, ninaona barabara yote mpaka juu. Hakuna kitu."

Chini ya mteremko alisimamisha gari pembeni, injini ikiwaka, gia kwenye P, akamwomba Mathew afungue boneti na achomoe kile kijiti cha kupimia mafuta. Ilibidi amweleze mara mbili mahali kilipo. Mathew alikileta dirishani akiwa amekishika kwa vidole vyote kama kitu kitakatifu. Mafuta yalikuwa kwenye alama ileile ya asubuhi.

Chepngeno aliegemeza paji la uso kwenye usukani, akakaa hivyo kidogo. Alipoinua kichwa macho yake yalikuwa yamelowa, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Kirudishe. Tunachelewa."

Baada ya Kericho walilikuta lori la chai likipanda kilima kwa kujikokota, wachumaji wamekaa juu ya magunia. Chepngeno alitazama mbele, akaona njia iko wazi, akakanyaga hadi chini. Giaboksi ikashuka gia moja papo hapo, injini ikaunguruma, wakalipita lori lile huku wachumaji wakipiga mbinja. Mathew alishika mlango.

"Polepole, dada."

"Inaitikia, unaona? Nikiiambia, inaitikia!"

"Nimeona. Polepole."

Hakupunguza mpaka alipotaka mwenyewe.

Walifika Chepseon saa sita na nusu. Mwalimu mkuu alikuwa ofisini akiandika ripoti, na alipomwona mlangoni alitazama nyuma yake kumtafuta aliyemleta. Akamwona Mathew.

"Umefanya vyema kumleta, mzee. Nilikuwa karibu kumpa kazi yule wa Nakuru."

Mathew alivua kofia. Alimtazama dada yake aliyekuwa tayari anatoa utepe wa kupimia kwenye mkoba, kisha akamtazama mwalimu mkuu.

"Mimi sikumleta," alisema. "Mimi nimepewa lifti."

Watoto walipangwa uwanjani, darasa kwa darasa. Chepngeno alisimama kati ya magongo yake, utepe shingoni, akapima vifua na mikono, na Mathew aliandika namba aliyotajiwa, akikosea mara kwa mara na kurekebishwa. Mvua ilianza kunyesha wakiwa darasa la nne. Mwalimu mkuu alipendekeza waache, waje siku nyingine.

"Waingie barazani," alisema Chepngeno. "Nimebakisha tisini na mmoja."